Ukiwa Mdogo Kama Sisimizi: Jinsi ya Kucheza Grounded Bila Kufa Kila Usiku

Swali linalokuja kila mara ni lile lile, hata likivaa maneno tofauti. Mmoja anauliza, "Buibui yule mkubwa anauliwaje?" Mwingine: "Mbona jioni ikiingia nakufa tu?" Wa tatu amekwisha kata tamaa, anataka kujua kama gemu hili ni la watoto au amelaaniwa yeye. Wote wanazungumzia Grounded, gemu la kampuni ya Obsidian Entertainment lililoanza kuchezwa likiwa bado linatengenezwa Julai 2020 na kukamilika Septemba 2022. Tangu Aprili 2024 lipo pia kwenye PlayStation na Switch, na kwa sababu hiyo maswali yameongezeka.

Kwa wasiolijua: vijana wanne, Max, Willow, Pete na Hoops, wanazinduka wakiwa wamepunguzwa hadi kuwa wadogo kama sisimizi, katika ua wa nyuma wa nyumba moja ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Majani ya bustani yamekuwa msitu. Kopo la soda ni jengo. Tone la umande linakukata kiu. Na kila mdudu uliyezoea kumkanyaga bila kumtazama sasa anakutazama wewe.

Jibu langu kwa maswali yote hayo ni moja, na nitalieleza kwa hatua: gemu hili halishindwi kwa mkono mwepesi, linashindwa kwa jicho. Watengenezaji wake wamewapa wadudu tabia zinazokaribia za kweli, na anayezisoma anaishi. Anayekimbilia kupiga, analala njaa au analala kaburini.

Kabla ya kuanza: mambo mawili ya kuamua

Kwanza, kiwango cha ugumu. Utaulizwa uchague Mild, Medium au Whoa!. Watu wazima wengi, hasa waliozoea magemu ya bunduki, huona aibu kuchagua Mild. Ondoa aibu hiyo. Ukiwa na saa mbili tu za jioni baada ya kazi na watoto, Medium itakutosha sana, na Mild si dhambi. Whoa! iache kwa mzunguko wa pili. Kuna pia mchezo wa kujipangia mwenyewe, ambapo unaweza kupunguza kasi ya njaa na kiu au ukali wa wadudu. Mimi napendekeza huo kwa anayetaka hadithi zaidi ya mateso.

Pili, hofu ya buibui. Hili si jambo la kucheka. Wapo watu wazima ambao hawawezi kutazama buibui hata kwenye picha. Ndani ya mipangilio ya gemu kuna kipimo maalumu cha kuwapunguza buibui. Kadiri unavyokisogeza, wanapoteza miguu, kisha sura, hadi mwisho wanabaki kama mabonge yanayoelea hewani. Bado wataua, lakini hawatakukosesha usingizi. Kipange kabla hujaanza, usingoje ukutane naye gizani.

Siku ya kwanza, kwa mpangilio

Ukizinduka huna kitu. Usianze kuzurura kuona mandhari. Jua linakwenda haraka. Fanya hivi:

1. Okota kila kokoto, kijiti na nyuzi za majani unazopita. Ndivyo vitu utakavyohitaji kuliko vyote kwa saa za mwanzo.
2. Tazama juu kwenye ncha za majani. Umande unaning'inia huko. Piga shina la jani, tone litaanguka, kunywa. Zoea umande mapema, usitegemee maji machafu ya chini.
3. Kula uyoga mdogo unaoota chini. Haukufanyi kuwa na nguvu za ajabu, lakini unakuondolea njaa bila vita.
4. Tafuta kituo cha utafiti kilicho karibu na ulipoanzia. Ndani kuna mashine ya kuchunguza vitu. Itumbukizie kila kitu kipya ulichookota.
5. Unda shoka la kokoto, nyundo ya kokoto na mkuki. Kwa mpangilio huo.
6. Kabla jua halijashuka, jenga kibanda cha majani cha kulalia. Hicho ndicho kitakachokuwa mahali pako pa kuzaliwa upya ukifa.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye gharama kubwa kuiruka. Mashine ile haikuambii tu jina la kitu. Inakufungulia mapishi, yaani namna ya kuunda silaha, mavazi na vyombo. Mtu analalamika kwamba hana silaha nzuri, kumbe kwenye mkoba wake ana vitu ambavyo hajavichunguza. Mashine ina chaji chache zinazojijaza zenyewe baada ya muda, kwa hiyo usipite karibu na kituo bila kuingia.

Kuhusu shoka: la kokoto linakata majani, basi. Ukifika kwenye mashina manene ya magugu likagoma, gemu halijaharibika. Unahitaji shoka la daraja la pili, ambalo linatengenezwa kwa viungo vya wadudu. Hali kadhalika nyundo. Hapo ndipo gemu linapokusukuma kutoka kuokota hadi kuwinda.

Usiku wa kwanza

Sasa tufike kwenye kilio chenyewe.

Buibui mwitu, yule mkubwa wa rangi ya kahawia asiyefuma utando, usiku ndio wakati wake wa kutoka kuwinda. Katika maisha ya kweli pia ndivyo alivyo: jamaa zake hawangoji windo linase, wanalifuata kwa miguu. Ndiyo maana ukiwa unatembea gizani na mwenge mkononi, unamsikia kabla hujamwona, na ukimwona ni kwamba amekwisha kukuona.

Ushauri wa usiku ni mfupi:

- Ukiwa na kibanda, lala. Usingizi unarusha usiku wote, na hakuna tuzo ya kukesha.
- Ukikutwa nje, panda juu. Jiwe refu, kopo, shina lililoegemea. Buibui mwitu anaweza kupanda baadhi ya mahali, lakini anapata shida kwenye vitu vyembamba na vilivyo juu sana.
- Zima mwenge pale unapojificha. Tulia. Chuchumaa.
- Usimpige mshale ukiwa umejificha ati "unampunguza". Utampa sababu ya kukutafuta.

"Lakini nina kazi za kumaliza, siwezi kulala kila usiku." Sawa. Basi fanya usiku kazi za kambini: pika nyama kwenye jiko la kuchomea, panga makasha, tengeneza silaha zilizochakaa. Wiki ya kwanza ndani ya ua ule, mguu wako usitoke kambini baada ya magharibi.

Kupigana: jifunze kukinga kabla ya kupiga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea zaidi.

Gemu hili halina ule mruko wa kukwepa ambao magemu mengine yanakupa. Huwezi kubiringika pembeni na kusimama nyuma ya adui. Unacho kitu kimoja: kukinga. Karibu silaha yoyote ya mkononi inaweza kukinga, na ukishikilia tu kitufe cha kukinga, pigo litapungua nguvu lakini pumzi zako zitaisha. Siri ni kukinga kwa wakati muafaka, yaani kubonyeza pale pigo linapokaribia kukufikia, si mapema. Ukipatia, hupotezi uhai, unarudishiwa pumzi, na adui anaanza kulewa. Ukipatia mara kadhaa mfululizo, anasimama amepigwa butwaa, na hapo ndipo unapoachilia mapigo yako yote.

Kwa hiyo pambano zuri ndani ya Grounded linaonekana la ajabu kwa mtazamaji: mtu amesimama mbele ya buibui, hampigi, anakinga, anakinga, anakinga tena, halafu ghafla anashambulia kwa sekunde chache na kurudi nyuma. Linafanana zaidi na ngoma ambayo unangoja zamu yako kuliko na ugomvi.

Namna ya kujifunza:

- Anza na sisimizi askari wekundu, mmoja mmoja. Mapigo yao yanaonekana vizuri kabla hayajafika.
- Mara ya kwanza usipige kabisa. Kinga tu hadi ujue mdundo wake: anauma mara ngapi, anapumzika wapi, ni lini anaruka.
- Kisha nenda kwa mabuu. Hawa wanakasirika haraka na wanarusha mapigo mfululizo. Ukiwamudu, mkono wako umeiva.
- Ndipo umwendee buibui mfuma utando, mchana, akiwa peke yake.
- Buibui mwitu awe wa mwisho.

Angalia pumzi zako muda wote. Kukimbia kunakula pumzi, kupiga kunakula pumzi. Zikiisha kabisa unahema na huwezi kufanya lolote kwa muda, na muda huo ndio unaowaua watu. Acha pigo moja la mwisho ulilotaka kupiga. Baki na akiba.

Na kitu kingine ambacho hakitiliwi maanani: aina ya pigo. Kuna silaha za kuchoma, za kukata, za kuponda. Mdudu mwenye gamba gumu hatishwi na kinachomtisha mwenye mwili laini. Utajuaje? Vijana hawa wana kifaa cha kuchungulia kwa mbali. Simama mahali salama, mchungulie mdudu, na kadi yake itafunguka ikionyesha udhaifu wake na kinachomgonga bila kumdhuru. Ni kazi ya sekunde chache. Nashangaa sana watu wanaokufa mara nyingi kwa mdudu ambaye kadi yake hawajawahi kuisoma.

Nani ni nani uani

Sitawataja wote, nawataja wale ambao ukiwakosea kuwasoma, utajuta.

*Sisimizi wekundu.* Vibarua wao wanapita na mizigo yao, hawana habari na wewe. Askari ndio wakali. Ukimuua kibarua mbele ya wenzake, umefungua kesi. Kichuguu chao kina mawe mazuri ya kuboreshea silaha, lakini usiingie ukiwa na mkuki wa siku ya kwanza.

*Vidukari.* Wadogo, wa kijani, wanakimbia. Ni nyama, na wanatoa ule utomvu mtamu ambao hata sisimizi wa kweli huwafugia. Wanaruka ovyo, watupie mkuki.

*Fukusi.* Nyama ya bure. Kwa anayefahamu fukusi wa ghala la mahindi, hapa utapata kisasi chako.

*Kile kidudu chekundu chenye madoa meusi.* Mpole, anajiendea. Watu wanadhani upole wake ni udhaifu, wanampiga, naye anageuka na kuja kama gari lililokatika breki. Gamba lake ni gumu. Lakini viungo vyake ni vya muhimu kwa vifaa vya daraja la pili, kwa hiyo siku moja utalazimika. Mngoje hadi uwe na mavazi ya maganda ya mbegu za mwaloni, ambayo yanasaidia sana kwenye kukinga.

*Mbawakavu mpiga mabomu.* Anamimina kimiminika cha moto kutoka nyuma. Hili si ubunifu wa gemu: jamii hii ya mbawakavu ipo duniani, na kemikali anazochanganya tumboni hutoka zikiwa karibu na joto la maji yanayochemka. Usisimame mbali naye ukidhani umbali unakusaidia. Mkaribie, zunguka naye, mpige akiwa anajigeuza.

*Mdudu wa uvundo.* Anaachia wingu la gesi. Ukiliona wingu, toka, usiendelee kupiga kwa sababu "amebaki kidogo". Ukimuua, viungo vyake ndivyo utakavyotengenezea barakoa ya gesi, na barakoa hiyo itakufungulia sehemu nzima ya ua ambayo nitaitaja hivi punde.

*Buibui mfuma utando.* Anakaa karibu na utando wake. Ukiuona utando, jua mwenyewe yuko. Usimvute akiwa na mwenzake.

*Nyuki.* Waache. Hawana ugomvi na wewe hadi uanze wewe.

*Mbu.* Sina la kuwaambia wasomaji wangu kuhusu mbu ambalo hawalijui, ila huyu ni wa ukubwa wako.

Maeneo yanayowasumbua watu

*Mashine ya ajabu na mwaloni.* Mwanzoni hadithi inakupeleka kwenye mashine yenye miale, ambayo imekwama. Fuata nyaya, ona kinachoizuia. Itakapowaka na mambo kuharibika, njia ya kwenda maabara iliyo chini ya mti wa mwaloni itafunguka, na huko utakutana na roboti anayeitwa BURG.L. Usiharakishe kuondoka kwake. Anauza mapishi kwa sarafu ya gemu inayoitwa Raw Science, na anakupa vikazi vidogo vya kuipata. Vikazi hivyo vinaonekana vya kitoto, "ua vidukari kadhaa, nenda mahali fulani", lakini ndivyo vinavyokulisha. Roboti huyu anasema sana. Mvumilie.

*Eneo la ukungu.* Kuna mahali chombo cha dawa ya magugu kimepasuka na gesi imetanda. Ukiingia bila barakoa unakufa polepole huku ukidhani bado una muda. Ndani yake kuna wadudu walioota kuvu, na baadhi yao, hasa fukusi, hulipuka wakikukaribia. Kwa hawa, na hawa tu, mshale wa mbali ndio sera bora.

*Bwawa.* Watu wazima wengi wanaliacha bwawa hadi mwisho kwa sababu kuzama kunawatia hofu, na mimi nawaelewa. Usiingie bila kifaa cha kupumulia, viatu vya kuogelea na taa ya majini, vyote vinaundwa. Kaa mbali na samaki mkubwa wa mapambo anayezunguka humo. Hauawi. Si kwamba ni mgumu: hauawi kabisa, kwa hiyo usipoteze mishale. Ukimwona anageuka, ingia penye upenyo mdogo.

*Buibui mama.* Kuna buibui mkuu ambaye hatoki hadi umtayarishie mlo wake maalumu, sandwichi, na kuuweka mahali pake. Ndiyo, unampikia kwanza, kisha mnapigana. Usimpikie kabla hujaboresha silaha na mavazi yako kwenye meza ya uhunzi, na uwe na bandeji na kinywaji cha kukupa nguvu. Vita vyake ni virefu. Anaita watoto wake. Ukienda na wenzako, gawaneni: mmoja anashika macho ya mama, wengine wanafagia watoto.

Vitu vidogo vinavyopuuzwa

- Meno ya maziwa. Yametawanyika uani meno ya utotoni makubwa kama mawe. Yavunje kwa nyundo. Yanakuongezea uhai, pumzi na mengine ya kudumu. Ukiona jino ambalo nyundo yako hailiwezi, weka alama, urudi.
- Alama za njia. Jenga vijiti vya alama kila unapopata kitu cha maana. Ua huu unapotea kirahisi kwa sababu majani yote yanafanana.
- Unyoya wa mbegu ya ua la njano lile la bustanini. Ukiwa nao mkononi unaporuka kutoka juu, unashuka polepole. Usitembee bila mmoja.
- Sifa za mwili. Ukifanya jambo fulani sana, mwili wako unazoea na unapata sifa mpya. Zichague kwenye orodha yake, hazijiwashi zote. Kuna watu wamecheza muda mrefu bila kufungua ukurasa huo.
- Nyama mbichi huoza. Ipike au ikaushe siku hiyo hiyo.

Ukifa

Utakufa, usisumbuke. Mkoba wako utabaki pale ulipoangukia. Makosa yanayofuata ndiyo mabaya: mtu anazaliwa upya, anakimbia kwenda kuchukua mkoba, na aliyemuua bado yuko pale pale. Sasa mikoba ni miwili.

Fanya hivi badala yake. Kaa kambini hadi asubuhi. Kula, kunywa, vaa chochote kilichomo kwenye kasha. Ndiyo sababu kila siku unapaswa kuacha kambini mkuki mmoja na bandeji. Nenda kwa kuzunguka, mchungulie muuaji kutoka mbali. Akiwa amelala au ameondoka, chukua mkoba na uondoke. Usiseme "nilipe kisasi kwanza".

Na kwa wenzangu wa huku ambako umeme unaweza kukatika katikati ya pambano: gemu lina kuhifadhi kwake lenyewe, lakini usilitegemee peke yake. Kabla ya jambo kubwa, hifadhi kwa mkono.

Kambi

Hili fupi. Usijenge jumba siku ya pili. Sakafu, kuta za majani, meza ya kazi, jiko la kuchomea, makasha, kibanda cha kulala, na kikusanya umande. Jenga karibu na maji na karibu na majani mengi, kwa sababu mbao za majani hubebwa begani, haziingii mkobani, na mgongo una kikomo. Makasha yakiwa karibu na meza ya kazi utaweza kuunda vitu bila kuvitoa kimoja kimoja. Kuta za majani hazimzuii mdudu mkubwa aliyekasirika. Mashina ya magugu yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi, yakishapatikana. Ukuta wa mapambo utajenga baadaye ukipenda, na watu wengi hupenda, hadi wanasahau hadithi kabisa.

Kucheza wanne

Gemu linaruhusu hadi wachezaji wanne, na ni tamu zaidi hivyo. Mambo matatu:

Kwanza, anayefungua mchezo awe yule mwenye intaneti tulivu kuliko wote, siyo mwenye mashine ya bei kubwa. Pili, tumieni ule mfumo wa dunia ya pamoja, ambao unaruhusu yeyote kati yenu kuendelea bila kumngoja mwenyeji. Vinginevyo mkisafiri au mkiwa na zamu tofauti za kazi, mchezo utalala. Tatu, kubalianeni kuhusu rasilimali mapema. Ugomvi mkubwa ndani ya gemu hili hautokani na buibui, unatokana na mtu aliyetumia vichwa vyote vya wadudu adimu kutengeneza silaha yake peke yake. Gawaneni kazi: mmoja mjenzi, mmoja mpishi, wawili wawindaji, halafu mbadilishane.

Mkicheza na watoto wenu, nyie wazazi, mtoto ndiye achungulie wadudu na kusoma kadi. Utashangaa jinsi anavyokumbuka udhaifu wa kila mmoja kuliko wewe. Ila si gemu la mtoto mdogo kabisa: buibui wake wanatisha kweli, hata mchana.

"Je, nianze na la pili?"

Swali la karibuni. Grounded 2 lilianza kuchezwa Julai 2025, likiwa bado linaendelea kutengenezwa, safari hii ndani ya bustani ya umma inayoitwa Brookhollow Park. Wamebadilisha mengi: kifaa kimoja sasa kinafanya kazi ya zana nyingi, kuna nge na mende, na unaweza kumpanda sisimizi mwekundu ukamwendesha.

Kama una mashine yenye uwezo na una subira na vitu ambavyo havijakamilika, anza nalo. Kama unataka hadithi yenye mwanzo na mwisho, anza na la kwanza. Ukilimaliza, kuna mzunguko mpya wenye maadui wagumu zaidi ulioongezwa Aprili 2024, na huo ndio wakati wa kuchagua Whoa!.

Ukiamua kwenda la pili moja kwa moja, kila nilichosema kuhusu kukinga na kuchungulia bado kinasimama. Ila sisimizi wako wa kupanda umlinde: hawezi kukubeba kutoka vitani kama wewe mwenyewe umemwingiza vitani na hukumchungulia adui.